Rangi sita za unga nilizochoma Ujiji, na moja niliyoiua kwa kinu

Mwaka juzi bi mkubwa mmoja wa hapa Ujiji alinirudishia bakuli. Hakuwa na maneno mengi. Alilifungua kwenye kanga, akaliweka juu ya meza yangu ya kazi, akasema, "Mwanangu, hebu litazame hili." Nililitambua papo hapo. Nilimuuzia mwenyewe, njano kali ya embe lililoivia mtini, rangi ambayo wakati ule ndiyo iliyokuwa ikinilipia ada za watoto. Alikuwa ametia humo achari ya ndimu ikakaa wiki tatu. Pale achari ilipoishia kulikuwa na mstari, kama ule ambao ziwa huacha kwenye mawe likipungua. Juu ya mstari glezi, ile ngozi ya kioo ya juu ya chombo, inang'aa. Chini yake imefifia, na ukipitisha kidole inakwaruza kama ulimi wa paka.

"Achari yenyewe mliila?"

"Tuliila sote, na wajukuu. Ilikuwa tamu."

Usiku ule sikulala. Kulipokucha nilimpigia mtu aliyeniuzia lile gunia la glezi, gunia lisilo na maandishi yoyote, akaniambia bila haya kwamba ndiyo, ina risasi, "ndiyo maana inang'aa vile, dada." Ni risasi hiyohiyo ambayo wavuvi wa Kibirizi hufunga kwenye nyavu zao zizame. Kwenye sahani, ndimu na siki huing'oa kidogokidogo, na mtoto anayeila si lazima aumwe tumbo wala apate homa ukajua kuna jambo. Humla akili polepole. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara kwa mtoto.

Njano nikaiacha. Muda wote huo nimeuza vikombe vya kahawa vyeupe na vya kahawia, na wateja wangu wa nyumba za wageni wakawa wanapita kama hawanijui. Kwa hiyo niliposikia kuna duka Dar es Salaam linauza rangi za kauri zisizo na risasi, kwa vipimo vidogo ambavyo mtu wa kawaida anaweza kununua, nilichangisha nguvu nikaagiza pakiti sita. Nimezichoma miezi mitano sasa. Haya ndiyo niliyoyaona.

Kwanza mjue ninavyofanya kazi, maana rangi ileile kwa mwingine inaweza kutoka tofauti. Udongo wangu natoa bonde la Luiche, mwekundu. Juu yake napaka koti jembamba la kaolini, udongo mweupe wa Pugu, ili pawe peupe. Bila koti hilo rangi yoyote hutoka kama imepakwa kwenye tofali, na kweli imepakwa kwenye tofali. Glezi siku hizi nachanganya mwenyewe kwa friti (kioo kilichoyeyushwa kikasagwa) ya boroni badala ya risasi. Tanuru ni la umeme, dogo, la mkono wa pili, na nachoma hadi nyuzi 1,060. Umeme ukikatika katikati, naanza upya na kusali.

Pakiti zilikuwa za gramu 100 kila moja. Njano na feruzi shilingi 28,000 kila moja, ile ya rangi ya ndani ya pera 25,000, waridi 35,000, buluu 40,000, nyekundu 65,000. Ukiongeza 10,000 za kifurushi kwenye basi, nilitoa 231,000. Si pesa ndogo kwa unga unaoenea kwenye viganja viwili. Ila rangi hizi hutiwa kidogo: gramu nane za njano zinatosha gramu 100 za glezi kavu, na glezi hiyo hunipakia vikombe vya kahawa kumi na kitu.

Ufungaji ulinikera sana. Vifuko vya plastiki vimechomwa mdomo kwa mshumaa kama ubuyu wa shuleni, na cha waridi kilipasuka njiani. Nilipofungua boksi, unga wa waridi ulikuwa umeingia kila mahali, umelala juu ya vifuko vingine kama vumbi la barabara ya Kasulu enzi zile. Nilifukuza watoto uani, nikajifunga barakoa, nikafuta kila kifuko kwa kitambaa kibichi. Usifagie kamwe vumbi la namna hii, hata kama ni la udongo mtupu. Ufagio unalirusha tu likaingie mapafuni. Mtu anayeuza rangi kwa bei hii anashindwaje kununua vikopo vya plastiki vyenye mfuniko?

Na maandishi. Juu ya kifuko cha nyekundu kulikuwa na maneno mawili kwa kalamu ya wino mzito: "Nyekundu, salama." Basi. Salama kwa nani, kwa kufanya nini, hakuna. Nilipiga simu. Hapa niwape haki yao: yule kijana wa dukani alinisalimu vizuri, "Shikamoo mama," akaenda kutafuta karatasi ya kiwandani, akanisomea kilichomo kwenye kila pakiti mpaka nikamaliza kuandika. Karatasi hiyo wangeipiga nakala wakaiweka ndani ya boksi, simu yangu isingehitajika.

Karatasi ndiyo iliyonifumbua macho. Zamani, ukitaka njano kwenye glezi, ulitia antimoni na risasi; Wamisri walikuwa wakipata njano hiyo kwenye vioo vyao zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, na haikubadilika sana hadi juzijuzi. Ukitaka nyekundu ya chungwa, mambo yalikuwa ya ajabu zaidi. Kule Marekani sahani maarufu za Fiesta zilianza kuuzwa mwaka 1936, na wekundu wake ulitokana na urani. Mwaka 1943 uliondolewa sokoni kwa sababu serikali iliihitaji urani kwa kazi yake, na kazi hiyo tunaijua: bomu la atomiki. Mwaka 1959 wekundu ukarudi, ukaendelea hadi 1972. Watu wakalia mayai juu yake.

Rangi nne kati ya sita nilizonunua zimetengenezwa kwa akili nyingine. Kiwandani wanachukua oksidi ya zirkoni na silika, wanatia kidogo madini ya kutoa rangi, wanachoma mchanganyiko huo mpaka ugeuke fuwele za zirkoni, zile chembe ngumu zinazopatikana hata kwenye mchanga wa baharini. Madini ya rangi hubaki ndani ya fuwele kama mdudu ndani ya sandarusi. Unamwona, lakini humfikii. Glezi ikiyeyuka tanuruni hupita pembeni mwa fuwele bila kuila, na ndimu ya mezani haina ubavu nayo. Aliyefungua njia hii ni Mmarekani aliyeitwa Seabright, wa kampuni ya kemikali ya Harshaw, aliyepata hataza mwaka 1948 kwa feruzi iliyotokana na metali iitwayo vanadi ndani ya zirkoni. Vanadi ikiwa unga mtupu ni kitu cha kuogopa, hasa ukiivuta puani. Ndani ya zirkoni imetulia. Baadaye ikaja njano ya praseodimi, metali nyingine, halafu ile ya pera inayotokana na chuma cha kawaida, jamaa wa kutu.

Njano, basi. Nilivyofungua tanuru mara ya kwanza nilikasirika. Ilikuwa njano, ndiyo, tena safi, imeenea sawasawa bila doa, lakini ilikuwa njano ya limau. Mimi nilitaka embe. Risasi ilikuwa inaipa rangi joto fulani, kama ya jua la saa kumi na moja, na huku sikuliona. Nilimwonyesha jirani anayeuza mawese, akakigeuzageuza kikombe, akasema kizuri, ila "kimekaa kihospitali."

Nilihangaika na hilo wiki mbili, nikipima gramu kwa gramu kwenye mizani ndogo ya kupimia dhahabu. Dawa ilikuwa kwenye boksi lilelile. Kwa kila gramu nane za njano nikatia gramu mbili za ile ya pera. Zote mbili ni watoto wa zirkoni, hazigombani. Ikatoka embe. Si embe dodo la zamani kabisa, nisidanganye; ukiweka kipande kipya kando ya kile cha risasi, cha zamani kina kina zaidi, unakitazama kama unatazama majini. Kipya kimeziba kidogo, kwa sababu zirkoni yenyewe hutia weupe na hupunguza uangavu. Lakini ukikitazama peke yake, kwenye meza, chenye kahawa na kashata pembeni, hakuna mteja aliyewahi kuniuliza kimepungukiwa nini. Njano nampa nyota tano, na pera anapata tano zake kwa kumsaidia mwenzake. Peke yake pera ni rangi ya kupoa, watu wazima wanaipenda.

Feruzi imetoka kama ziwa pale Bangwe saa nne asubuhi, kabla upepo haujaanza. Sina la kuongeza. Ila nilichanganya njano na feruzi nusu kwa nusu nikapata kijani cha jani changa la mgomba, na kijani hicho hakina kromi hata chembe. Sikuwa nimepanga kununua kijani, nimekipata bure.

Buluu ni ya kobalti iliyochomwa pamoja na alumina, ile ambayo Mfaransa Thénard aliitengeneza mwaka 1802. Haimo kwenye kundi la zirkoni, lakini kobalti ikishachomwa hivyo hushikiliwa vizuri zaidi kuliko ukitia chumvi yake mbichi kwenye ndoo ya glezi na kuchovya mikono, kama nilivyokuwa nikifanya miaka yote, Mungu anisamehe. Buluu hii ina nguvu. Gramu tatu tu zinatosha. Siku hewa ikiwa safi, nikisimama mlangoni naiona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka nchi hiyo. Madini yanatoka kwa jirani yangu, yanazunguka dunia, yananirudia kwa shilingi 40,000 kwa gramu 100. Kuna buluu nyingine isiyo na kobalti, ya itri, indi na manganisi, iliyogunduliwa mwaka 2009 katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon wakati wakitafuta vitu vya umeme, si rangi. Inasifiwa sana, lakini indi ni ghali mno. Mfinyanzi wa Ujiji aiache kwanza.

Waridi, kile kilichobaki kifukoni, ilinitoka kahawia ya chai iliyosahaulika. Nikapiga simu tena, nimeshavaa sauti ya ugomvi. Kijana akaniuliza, "Mama, glezi yako ina zinki?" Ina zinki. Waridi hii ni kromi ndani ya bati na kalisi; inataka kalisi nyingi kwenye glezi, na ikikutana na zinki, kromi huihama, rangi ikageuka kahawia. Kosa ni langu, lakini mstari mmoja kwenye lebo ungeniokolea vikombe kumi na vinane. Nimeiweka kando. Sina nia ya kutengeneza glezi ya pili kwa ajili ya rangi moja inayodeka.

Sasa nyekundu, na hapa naomba mnisikilize taratibu.

Nyekundu ni kadimi, metali yenye sumu. Kadimi na seleni na salfa, zimefungwa ndani ya ganda la zirkoni. Kadimi ikiingia mwilini hukaa kwenye figo miaka na miaka. Sababu ya kuifunga ni mbili: isitoke ikala watu, na moto usiile yenyewe, maana nyekundu hii ikiwa uchi hufa kabla tanuru halijafika joto langu. Ganda ndilo rangi, na ganda ndilo usalama. Mimi nilikuwa nimeyasoma haya kwenye maandishi yangu mwenyewe, nikayaacha juu ya meza, nikaenda sokoni Mwanga kununua dagaa.

Mpwa wangu, kijana mwenye bidii, aliona unga wa nyekundu una madonge. Akachukua kinu changu kidogo cha chuma, kile cha vitunguu saumu, akatia gramu 30 na maji kidogo, akatwanga na kusaga nusu saa nzima. Niliporudi alikuwa ananionyesha kwa fahari: "Shangazi, tazama, laini kama wanja." Ilikuwa laini kweli, ikiteleza kwenye mchi kama uji. Nikamwambia aweke chini, anawe mikono mpaka kwenye viwiko, halafu anawe tena.

Niliona nijaribu kipande kimoja kidogo, kigae tu, nione. Kilichotoka tanuruni kilikuwa na wekundu wa kutu uliolegea, madoa ya kijivu, na pembeni karibu hakuna rangi kabisa. Kile cha pili, ambacho nilipitisha unga kwenye chujio la matundu madogo kwa brashi laini bila kusaga, kilitoka chekundu kama pilipili kichaa. Tanuru lilelile, siku ileile, rafu ileile. Maganda yaliyovunjika yaliacha moto uingie, na kama moto umeingia, ndimu nayo itaingia. Unga uliosagwa nimeufunga kwenye kopo la bati na kuandika juu kwa herufi kubwa. Sikuumwaga uani wala ziwani. Kinu cha vitunguu saumu sasa ni cha karakana mpaka kiyama, na nyumbani tumenunua kingine.

Kwa hiyo neno "salama" kwenye kile kifuko ni kweli nusu. Ni salama kama hutaisaga, kama hutaichoma zaidi ya joto lililotajwa kwenye karatasi, na kama glezi yako yenyewe ni imara. Duka liliandika neno moja, masharti matatu likayaacha kwenye kabati lake. Rangi nyota nne, lebo sifuri.

Nimepima vyote kwa njia ya kienyeji: nusu ya kigae ndani ya siki nyeupe, nusu nje, saa 24, halafu nafuta na kutazama kwenye jua kama kuna mstari. Njano, feruzi, pera na buluu hazikuonyesha chochote. Nikarudia kwa ndimu wiki tatu, kwa heshima ya ile achari, hakuna kitu. Lakini jamani, jicho haliioni kadimi. Kipimo hiki kinakuambia glezi ni dhaifu, hakikuambii kilichotoka ni nini. Maabara hujaza chombo asetiki, asidi ya siki, ya asilimia 4, huacha saa 24, kisha hupima maji yenyewe. Sheria ya Ulaya ya mwaka 1984 inaruhusu chombo cha kujazwa kama bakuli kutoa risasi isiyozidi miligramu 4 kwa lita, na kadimi 0.3. Mpaka nitakapolipia kipimo cha namna hiyo, nyekundu naipaka nje tu ya kikombe, tena vidole viwili chini ya mdomo, pale ambapo midomo haifiki. Ndani naweka nyeupe. Wateja wanadhani ni urembo.

Nimeshaagiza tena: njano pakiti mbili, feruzi moja, pera moja. Nyekundu ninayo ya kutosha. Safari hii nilimwambia kijana aweke kwenye vikopo na mimi nitalipia vikopo. Akacheka, akasema atauliza.

Wiki iliyopita yule bi mkubwa alipita. Nilimpa bakuli jipya la embe, bila malipo, na nikamweleza habari yote, ya risasi na ya wajukuu, maana mwanzoni nilikuwa nimemwambia nusu tu. Alinyamaza kwa muda. Akasema wajukuu amewapeleka likizo Kasulu kwa baba yao, wakirudi watakwenda kupimwa damu. Nimemwambia nitalipa mimi. Kisha akalichukua bakuli, akalipiga kwa ukucha kusikiliza sauti yake, akauliza kama anaweza kutia achari. Nikamwambia atie, lakini aniletee kila wiki nilitazame. Lile la zamani aliniachia. Nimeweka misumari.